Kutu

Usiniulize nani kamwigiza Kutu vizuri zaidi
kama huna muda wa kukaa.

Kwanza alikuwa wino.
Gazeti la katuni, kurasa za kati zimechanika,
kaka yangu Mbaruku akilificha chini ya godoro
kama wengine wanavyoficha barua.
Humo Kutu hakusema neno. Mchoraji hakumpa hata kiputo.
Anagusa reli, reli inakuwa unga.
Anagusa komeo, mlango unajifungua wenyewe.
Uso wake vistari, vistari,
na jicho moja lililoachwa jeupe,
karatasi tupu inayokutazama.
Nililala na koroboi ikiwaka
mpaka mama akauliza mafuta yanakwenda wapi.

Halafu mkanda wa kwanza.
Mwigizaji mnene, joho la zambarau,
anacheka kabla ya kuua, anacheka akishaua,
na katikati anamweleza steringi mpango wake wote
kama mwalimu aliyeingiliwa na mkaguzi.
Tulimpenda. Tusidanganyane.
Tulitoka tukigusa baiskeli za watu, hohoho,
hadi fundi Mngazija akatufukuza na spana.

Wa pili alikuja nikiwa na ndevu.
Mwembamba, hacheki, ananong'ona.
Kijiweni Chumbageni wakaapa: huyu ndiye.
Mimi nikasema huyu ana mafua.
Tukabishana hadi kahawa ikapoa,
na Kibwana, ambaye hata hakuuona mkanda,
ndiye aliyeshinda.

Na huyu wa juzi, wa kwenye simu ya binti yangu,
ametengenezwa na kompyuta,
kila chembe ya kutu inameta peke yake.
Wamempa na utoto: baba mlevi, paka aliyekufa, mvua.
Analia.
Kutu, analia!
"Baba, na wewe mwonee huruma," Mwantumu ananiambia.
Namwonea, mwanangu. Lakini usiku nalala fofofo.

Sasa kaa vizuri.
Yupo mmoja ambaye hakuwekwa kwenye bango lolote.

Banda la video, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nane,
mabati, mabenchi, jasho, mkanda ule ule wa joho la zambarau
umechezwa hadi picha inanyesha chenga.
Mtafsiri wetu Sechonge,
maikrofoni kaifunga leso isipige miluzi,
bado anavaa ovaroli la kiwanda cha chuma
ingawa kiwanda kimefungwa tangu Mfungo Sita,
namba yake kifuani, mia mbili na kumi na mbili.
Sauti zote zake yeye:
steringi anaongea kama karani wa benki,
mchumba wa steringi kama shangazi yake wa Muheza,
na Kutu akikasirika anatukana Kibondei
na banda zima tunagaragara.

Siku hiyo ikafika pale
Kutu anapoweka kiganja juu ya mashine kubwa.
Kwenye kioo yule mnene kaachama, anacheka.
Sechonge kimya.
Mashine inamomonyoka, watu wanakimbia.
Kimya.
"Tafsiri!" tukapiga kelele. "Tafsiri, tumelipa!"
Akaisogeza maikrofoni. Tukamsikia anavyopumua.
"Hapa," akasema, "hakuna maneno."
Kisha, polepole, si kwa sauti ya Kutu wala ya steringi:
"Hao wanaokimbia ni zamu ya usiku.
Hawajalipwa miezi mitatu."

Hilo kwenye mkanda halikuwemo.
Nimeutazama tena mara ngapi sijui, nikilitafuta.
Mle ndani mnene anacheka tu.

Mbaruku alikuwa kando yangu na karanga mdomoni.
Hakutafuna.
Na pale, kwenye chenga, kwa nukta moja,
nililiona tena lile jicho jeupe.

Basi usiniulize joho, wala mnong'ono, wala machozi.
Jumapili nilipita karibu na stesheni,
nikainama, sijui kwa nini, nikagusa reli.
Kidole kikatoka chekundu.
Nikakipangusa kwenye suruali, haraka,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni
na asiyemjua.